Kadibodi Nyuma ya Picha ya Harusi

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti ukae. Nataka kukueleza jinsi mwanamke mwenye duka dogo la vioo mjini Masasi alivyoingia katika kununua michoro halisi ya katuni, na nitakueleza polepole, maana najua wengi hudhani mambo haya ni ya watu wenye majumba makubwa. Ukipotea njiani, kosa litakuwa langu.

Nianze na kitu chenyewe. Ukisoma hadithi ya picha kwenye jarida, unachoshika ni nakala. Kabla ya nakala hiyo kulikuwa na karatasi moja nene, kubwa kuliko jarida, ambayo mchoraji aliiinamia kwa mkono wake mwenyewe. Alianza na penseli, akaja na wino. Ukiisogelea karatasi hiyo unaona mambo ambayo mtambo wa kuchapia uliyaficha. Weusi wake haulingani, kuna mahali brashi iliishiwa wino ikaacha mikwaruzo. Kuna rangi nyeupe pale alipokosea pua akairudia. Kuna mistari ya penseli ya bluu, kwa sababu kamera za kiwandani hazikuiona bluu, kwa hiyo mchoraji hakuwa na haja ya kuifuta. Na maneno ya wahusika mara nyingi yameandikwa kwenye kijikaratasi pembeni, kikakatwa na kubandikwa kwa gundi. Hiyo ndiyo karatasi halisi. Nakala zilikuwa maelfu, yenyewe ni moja.

Mimi nilikulia Chiungutwa, kijiji cha huku huku Masasi. Majarida yalitufikia kupitia mjomba wangu, aliyekuwa akisafiri na mizigo, nayo yalifika yamechelewa, jalada limeshatoka. Tuliyasoma kwa zamu, na aliyekuwa na jarida alilazimika kuwasomea kwa sauti wadogo wasiojua kusoma bado. Hadithi tuliyoipenda kuliko zote ilimhusu mwanamke fundi redio. Alichomeka bisibisi sikioni kama maseremala wanavyochomeka penseli, na redio zilizoharibika zilimletea sauti za watu walio kwenye shida. Redio nzima hazikumwambia kitu. Mbovu ndizo zilizosema. Tulikuwa tukitega masikio kwenye redio ya babu iliyokufa, tunagombana nani kasikia nini.

Mara ya mwisho kumwona, amepiga magoti mbele ya redio moja ndogo, ameweka sikio, na kwa mara ya kwanza redio mbovu imenyamaza. Baada ya hapo jarida likafungwa huko Dar es Salaam. Hakuna aliyetuambia. Tuliendelea kumuuliza mjomba kila alipoteremka, mpaka akaanza kutuletea pipi ili tumwache.

Sasa mimi ni mtu mzima, nakata vioo vya madirisha na kutengeneza fremu za picha. Kazi ya fremu ndiyo iliyonifundisha kuipenda karatasi. Mchoro wangu wa kwanza niliununua hapa hapa Masasi kwa mchora mabango aliyewahi kuchora vibonzo vya gazeti la kanisa. Mingine imenijia kwa basi, imefungwa kati ya mbao mbili nyembamba. Nina kanuni moja tu: sichukui mchoro bure. Sababu ni mbili. Ya kwanza, mchoro uliopewa bure huja kuleta maneno baadaye, watoto wa mchoraji wakiuona ukutani kwako wakasema mzee wao alidanganywa. Ya pili ndiyo kubwa. Mtu akikupa mchoro kama takataka, iliyobaki ataifanya takataka kweli, ataiwashia jiko. Ukimlipa, anaifunga vizuri ile iliyobaki.

Kumbuka kanuni hiyo, maana ndiyo iliyonitia kwenye kibarua.

Siku moja alikuja dukani dada mmoja kutoka Makote, kule Newala, amebeba picha ya harusi yake imefungwa kwenye kanga. Kioo kilikuwa kimepasuka.

"Watoto wamepiga mpira ndani," akasema.

"Wako au wa jirani?"

"Wa jirani wangekuwa wameshalipa, dada."

Nikageuza fremu nikaanza kukunjua vijimisumari. Nyuma ya picha huwa pana kitu kigumu cha kuibana isipinde. Wengine huweka ubao mwembamba, wengine boksi la sabuni. Hapa palikuwa na kadibodi nene, nyeupe upande wa nje. Nilipoivuta, upande wa ndani ukaonekana. Wino mweusi, mistari ya bluu, na mwanamke mwenye bisibisi sikioni.

Nikakaa chini kwenye ndoo ya putini ya kubandikia vioo.

"Dada, kimekukata?"

"Hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Kadibodi ya baba. Anazo tele kwenye tranka. Yaani zile ambazo salfa haijazila."

"Baba yako alikuwa mchoraji?"

"Zamani, Dar. Mimi bado niko tumboni. Sasa hivi ni korosho tu."

Nilimwekea kioo kipya, nikambania picha yake kwa ubao, kisha nikamwomba ruhusa nimpelekee baba yake kadibodi ile mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa nitasafiri kwenda kurudisha boksi la sabuni. Lakini alinipa namba ya simu ya mama yake.

Nilipanda Newala wakati wa mavuno, mikorosho imemwaga na njia nzima inanuka mabibo yaliyochacha. Mvua zilikuwa hazijaanza, ila mawingu yalikwisha kuonekana. Pale Makote niliwakuta mzee na mkewe wamekaa juu ya turubai wanachambua korosho.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu," akasema mzee. "Ndiye wewe wa vioo? Mtu wa wapi?"

"Masasi. Kwetu hasa Chiungutwa."

"Mmakua?"

"Mmakua."

Akamgeukia mkewe. "Basi funga kuku. Mtani kaingia."

"Kuku wa nini?" mama akajibu bila kuinua macho kwenye korosho. "Huyu kaja kukuchukua wewe. Mke mwenzangu, mchukue, nimekuruhusu. Ila ujue anakoroma, na chai yake iwe na tangawizi, la sivyo hazungumzi mpaka saa nne."

"Mama, na mimi nakoroma. Nyumba itabomoka."

"Ndiyo maana nataka mkakae kwenu Masasi, kwenye milima ya mawe. Huku kwetu ni udongo."

Sisi Wamakua na wao Wamakonde hutaniana hivyo. Kama hukukulia huku, nikueleze jambo moja la utani, kwa sababu litahitajika mbele. Mtani anaweza kukamata kitu chako, kofia au jembe au hata huyo kuku, akakishikilia. Hupati tena mpaka ukikomboe kwa kitu anachokitaka yeye, na ukikasirika unachekwa. Huwa ni mchezo, lakini mchezo wenye adabu zake: kitu kilichokamatwa kwa utani hakinyang'anywi kwa nguvu, na kilichokombolewa hakidaiwi tena.

Nikamkabidhi mzee kadibodi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya kijikaratasi kimoja cha maneno kilichoanza kubanduka.

"Hii gundi ya unga wa ngano," akasema. "Nilipika mwenyewe. Bado imeshika."

Kisha akatuongoza ndani kwenye tranka.

Alipofungua kifuniko, ilitoka harufu kali iliyonifanya nirudi nyuma. Unga wa manjano ulikuwa umetapakaa juu ya kila kitu. Ilikuwa salfa, ile tunayoipulizia mikorosho ugonjwa wa ubwiri usikaushe maua.

"Mchwa walikula mlango, wakala na kabati," mama akaeleza, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Nikasema, karatasi za mzee haziliwi. Kila tukimaliza kupuliza, salfa inayobaki naimwaga humu. Tazama kama utaona mchwa hata mmoja."

Kweli, mchwa hakuwepo. Lakini nilipoinua karatasi ya juu, pembe yake ilibaki mkononi mwangu, imevunjika kama jani kavu. Salfa ikikaa kwenye ukavu haina neno. Kule juu kwenye uwanda wa Newala ukungu huingia ndani asubuhi, na salfa ikipata unyevu mwaka hadi mwaka hugeuka kitu chenye ukali kama maji ya betri. Inaikausha karatasi, inaipaka hudhurungi, halafu karatasi inakatika yenyewe. Mama alikuwa akiilinda kwa kitu kilichokuwa kikiila.

Alimwona mzee akitazama ile pembe iliyovunjika, akanitazama na mimi. Hakuna aliyemwambia, ila alielewa.

"Mimi ndiye niliyeziua?"

"Mama, hebu sikiliza," nikamwambia. "Ungeacha bila salfa, leo tungekuwa tunatazama udongo wa mchwa. Kuna zilizokufa na kuna zilizo hai. Zilizo hai ni kwa ajili yako. Sasa tuzitoe salfa kabla ya mvua, maana zikiingia masika nyingine na unga huu, hazitatoka. Mzee ana brashi laini yoyote?"

"Brashi zangu zilikwisha zamani."

"Ya kunyolea?"

Mama alicheka kabla hajataka kucheka. "Mke mwenzangu, hata ndevu zake umeshazipangia!"

Tulikaa barazani mpaka jua likageuka. Ukitaka kutoa unga kwenye mchoro, usitumie kitambaa chenye maji, utaupaka unga ndani ya karatasi. Unalaza karatasi kwenye kitu bapa, unaanzia katikati, unasukuma nje kwa brashi kavu bila kukandamiza. Mama aliishika kazi hiyo upesi kuliko mimi. Karatasi za juu na za chini kabisa ya tranka zilikuwa zimekwisha. Za katikati zilikuwa hai, zimebadilika rangi ukingoni tu. Hadithi nzima ya mwisho ya fundi redio ilikuwa pale, imepangwa kwa mfuatano wake.

Na chini yake kulikuwa na karatasi moja isiyo na wino. Ilikuwa na penseli peke yake.

Nilimtambua yule mwanamke kwa magoti yake. Kisanduku cha kwanza, redio imenyamaza. Cha pili, anatoa bisibisi sikioni. Cha tatu, anaitazama redio kwa karibu. Cha mwisho kilikuwa kikubwa, anafungua mdomo, na juu yake kuna kiputo cha maneno kitupu.

"Anasema nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa Chiungutwa.

"Sijui," akasema mzee. "Nilikuwa sijaamua. Waliniambia jarida limefungwa, nikaweka penseli chini, nikapanda basi."

Hapo ndipo nilipomwomba aniuzie. Nilimwambia wazi ninachotaka: karatasi zote za hadithi ile, pamoja, zisitenganishwe, nizitunze mahali pakavu Masasi, na yeye nimlipe bei ya haki.

Akatikisa kichwa. "Chukua. Kuuza siuzi."

"Kwa nini, baba?"

"Nilishalipwa. Jarida lilinilipa kila ukurasa, hawakunidhulumu hata senti. Kazi moja ilipwe mara mbili? Huo ni wizi, mwanangu, hata kama anayelipa anacheka."

Nikamweleza kwamba jarida lilinunua ruhusa ya kuchapa. Karatasi yenyewe ilibaki yake. Hakushawishika. Nikajaribu njia ya nyumbani.

"Baba, mwaka jana uliuza korosho?"

"Niliuza."

"Uliuza na mkorosho?"

Mama akapiga kofi turubai. "Kakupata!"

Mzee alifikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Mkorosho nitavuna tena mwakani. Karatasi hii itazaa nini?"

Akazisogeza karatasi upande wangu. Na nikueleze ukweli wa pale nilipokuwa. Ningeweza kubeba karatasi zote jioni ile, kwa baraka zao, bila kutoa kitu. Mvua ilikuwa inakuja, na tranka lile lilikuwa na salfa mpaka kwenye bawaba. Lakini nilimwona mzee anavyozitaja: kadibodi. Ningezichukua bure, zingeokoka kama kadibodi, naye angebaki mtu aliyewahi kuchora vitu vya kubania picha za harusi. Nisingezichukua, masika ingezimaliza.

Basi nikafanya kitu ambacho Mmakua pekee angeweza kukifanya katika baraza ile. Niliinua karatasi ya penseli, nikaikumbatia kifuani.

"Nimeikamata," nikasema.

Mzee akanyoosha mkono, akaurudisha. Mama akaachia kigelegele. "Umekamatwa, baba yao! Umekamatwa nyumbani kwako!"

"Unataka nini?" akauliza mzee. "Kuku?"

"Kuku wako wamekonda. Nataka mwisho wa hadithi. Kwa wino."

"Macho yangu yamechoka."

"Nitakuletea mwanga."

"Karatasi hiyo imekauka. Nikiigusa kwa nibu itapasuka."

"Hutaigusa. Nitakuletea na karatasi mpya. Wewe andaa mkono tu."

Tulifunga zile nyingine zote kwenye shuka safi na kuziweka juu ya kabati jipya, mbali na tranka. Ya penseli niliondoka nayo.

Niliagiza wino na kadibodi nzuri nyembamba, ya kupenyeza mwanga, kutoka Dar, na vilipofika nikapanda tena Newala na kioo cha dirisha. Kama hujawahi kusafiri na kioo, kisimamishe, usikilaze. Kikilala, gari likiruka kinavunjika katikati. Nilikifunga kwa kanga na boksi, nikakibana kati ya magoti yangu, na begani nilikuwa na kioo kingine kidogo cha kujitazamia.

"Mtani kahama na nyumba yake," mzee akasema aliponiona nashuka kwenye bodaboda.

Nikamwonyesha. Kioo cha dirisha tulikilaza juu ya vigoda viwili, kikawa meza. Chini yake, ardhini, nikaweka kile cha kujitazamia, nikakiinamisha mpaka kikalikamata jua na kulirusha juu. Meza yote ikawaka. Tukalaza karatasi ya penseli, na juu yake kadibodi mpya, na mistari ya zamani ikapenya, mwanamke yule akainuka ndani ya karatasi ambayo haijaguswa.

Mzee akaisogelea. Akaweka kiganja juu yake, kama anapima joto.

Nilikuwa nimemletea chupa ya maji ya kuzimulia wino. Aliinusa, akairudisha. "Maji ya kwenu yana chumvi. Wino utaganda. Mama, nichotee ya mvua."

"Nyie wa uwandani mnaonunua maji kwa ndoo," nikasema, "leo mnachagua?"

"Tunayanunua, ndiyo maana tunayajua."

Mistari yake ya kwanza ilitetemeka, na aliifanya kwenye kipande cha pembeni. Alirudia na kurudia mpaka ikanyooka. Hakuharakisha. Alipoingia kwenye kadibodi yenyewe, mabega yake yalishuka. Alichora magoti, kitenge, vidole, bisibisi. Kila jua liliposogea, mama alikiinamisha kioo cha chini, bila kuambiwa. Chakula cha mchana kilipoa.

Kisha ikabaki ile sehemu tupu, kiputo cha maneno.

"Sasa," akasema mzee, "maisha yake yote amesikiliza. Safari hii hasikii kitu. Mtu akitega sikio mahali akakuta kimya, anasema nini?"

"Haloo," nikapendekeza.

"Haloo ni ya simu."

Mama alikuwa ameshika kioo, uso wake umemulikwa kutoka chini. "Mtu akifika mahali pako kimya," akasema, "anapiga hodi."

Mzee alimgeukia, akamtazama vizuri. Akachovya nibu, akaandika: *Hodi?* Kisha, kitu ambacho hakikuwepo kwenye penseli, akachora kiputo kidogo sana kinachotoka kwenye redio, na ndani yake akaandika kwa herufi ndogo kama chembe za mchanga: *Karibu.*

Nilimtazama mama. Alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa kanga, akisema ni jua la kioo.

Nikatoa karatasi ya penseli. "Baba, umeikomboa. Hii ni yako, chukua."

Aliipokea. Na kabla sijakunja kanga yangu, akaweka kiwiko juu ya kioo cha dirisha.

"Na hiki," akasema, "nimekikamata mimi."

Mama akaangua kicheko, nikaangua na mimi.

"Unataka nini, baba?"

"Wewe si ulikuwa na bei yako ya haki? Nitajie. Kuuza siuzi, msimamo wangu ni ule ule. Lakini kioo cha mtu nikikikamata, akikikomboa, kazi gani hapo imelipwa mara mbili? Na mimi kama mtani mwema, mtu aliyekomboa kitu ghali namna hiyo nitamfungia na zawadi ya hizo karatasi chache za fundi redio, pamoja na hii ya penseli."

Nilimtajia. Alikuwa ameuona mkono wake ukifanya kazi siku nzima, na nadhani ndiyo maana hakupunguza wala hakusema ni nyingi mno. Alisema tu, "Sawa, inalingana na kazi." Sijawahi kufurahi hivyo kwa kulipa.

Huwa namwomba mchoraji aandike kidogo nyuma ya karatasi ya kwanza, kwa penseli laini, kwamba imetoka kwake kwa ridhaa. Fanya hivyo na wewe, huondoa maneno ya baadaye. Mzee alichukua penseli akaandika: *Amekomboa kioo chake.* Akaweka sahihi. Nimeiacha hivyo hivyo.

Kioo chenyewe hakikurudi Masasi. Nilikuwa na kisu cha kukatia vioo mkobani, nikakipima palepale, nikakata, nikawatengenezea fremu kwa mbao walizokuwa nazo uani. Mchoro mpya uko sebuleni kwao, ukuta ambao jua haliufikii. Nyuma nimeubana kwa ubao, na kati ya ubao na mchoro nimeweka karatasi nyeupe safi. Karatasi za zamani, pamoja na ile ya penseli, ziko kwangu, zimelala bapa, hazina salfa, zimefuatana kama alivyozichora.

Juzi mama alinipigia simu. Wajukuu, wale wale wa mpira, huja na wenzao kuutazama mchoro, na wanaulizana redio ile ina nani ndani. Mzee aliwasikia akashindwa kuvumilia, sasa amekaa barazani na anataka kadibodi nyingine. "Anasema nikwambie, mtani," mama akasema, "karatasi imezaa. Na ulete na brashi, maana ya kunyolea ameiharibu kwa wino na ndevu zinamfika kifuani."

Nimeshazifunga, zinaondoka na basi la kesho.

Sasa wewe. Kesho mchana, mwanga ukiwa mzuri, teremsha picha ya zamani kuliko zote iliyo ukutani kwenu. Nawa mikono, uikaushe kabisa. Ilaze picha kifudifudi juu ya kanga, kunjua vijimisumari kimoja kimoja, inua kile kilichowekwa nyuma yake kwa kushika pembe mbili, kisha kigeuze utazame upande wa pili.